Mahali Gari Linapovuta Pumzi

Siku mliponiaga pale karakana mlitaka niseme neno. Nilisema asante, nikala pilau, nikaondoka. Tangu hapo kila anayepita nyumbani kunisalimu anauliza swali lile lile: Mama Adve, katika miaka yote ile ya AC, ni gari gani lilikusumbua kuliko mengine? Huwa najibu kwamba magari hayajawahi kunisumbua, wanaosumbua ni wenye magari. Tunacheka, chai inaisha, mgeni anakwenda zake. Lakini jibu la kweli lipo, na kwa kuwa sasa sina pa kuwahi asubuhi, nitawaandikia nyinyi mnaobaki na feni na matundu. Anayesoma akitafuta habari za vyeo aziweke chini karatasi hizi, akafanye kazi.

Nilizaliwa Kagera, kwenye migomba na kahawa, katika ukoo ambao mtoto akifaulu hutarajiwa kuwa daktari, mwalimu au padri. Mimi nilichagua chuo cha ufundi. Baba hakunikataza, ila kwa muda mrefu aliwaambia majirani kwamba binti yake yuko Mwanza anasomea hewa. Nilipofika karakana ya Nyegezi, jirani na stendi ya mabasi, Wasukuma wa pale walinitania mpaka wakachoka wenyewe. Mhaya gani huyu anashika spana? Kiingereza chako umemwachia nani? Kwa kuwa nilikuwa mwanamke peke yangu, tena mwembamba, nilipewa kazi ambayo wanaume hawakuipenda: kulala chali chini ya dashibodi, kichwa kwenye pedali, mikono imepotelea gizani ikitafuta kitu isichokiona. Walidhani wananionea, kumbe walikuwa wananipa ugali wangu.

Aliyenifundisha ni Mzee Manyama, Mjita wa kule Musoma, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Siku ya kwanza hakunipa spana. Aliniketisha kwenye gari lililozimwa, akafunga milango, akafungua swichi bila kuwasha injini, akaanza kubonyeza vitufe vya hewa kimoja baada ya kingine. Nyuma ya dashibodi kitu kikasogea. Kikatambaa kutoka kushoto kwenda kulia, kikagota, kikatulia, kisha kikaanza kurudi kilikotoka. Nywele zilinisimama.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Ni nini?"

"Panya."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Milango," alisema alipopata pumzi. "Hiyo ni milango."

Ndipo nikajua kwamba nyuma ya dashibodi kuna nyumba ndogo ya giza yenye milango mitatu. Wa kwanza huchagua hewa itoke wapi: nje, kwenye uwazi ulio chini ya kioo cha mbele, au humo humo ndani, ile mliyokwisha kuipumua. Feni huisukuma hewa hiyo ipite kwenye evapolata, ambako hupozwa. Mlango wa pili huamua ni kiasi gani kipitie kwenye hita yenye maji ya moto ya injini, na hapo baridi na joto huchanganywa kama maji ya kuoga kwenye ndoo. Wa tatu huielekeza hewa usoni, miguuni au kwenye kioo. Kila mlango una mota yake ndogo, na mota hizo hujisogeza zenyewe hata wakati dereva hajagusa kitu. Dereva akibonyeza kitufe hudhani ameiamuru hewa. Ameamuru mlango tu. Hewa yenyewe hupita inapopata nafasi, na haimwombi mtu ruhusa.

Geji Mzee Manyama alikuwa nayo, lakini chombo alichokiamini ni dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya duara. Aliwasha kipande, akakipitisha kwenye raba za milango, chini ya viti, nyuma ya bampa, akitazama moshi unaelekea wapi. "Gari lina mahali linapovuta pumzi," aliniambia. "Kama hujapajua, usimrudishie mwenyewe." Vijana mtasema siku hizi kuna kompyuta. Ipo, na inasoma vizuri sana kila kitu kilichounganishwa na waya. Raba iliyooza haina waya.

Kazi yetu ina vitisho vyake na lazima mvizoee. Utaletewa gari linalolia kama mtoto mchanga kila likipanda mlima, na familia nzima imekwisha kuacha kulipanda. Lilinijia moja la namna hiyo kutoka kwetu Kagera, na nilichokitoa kwenye feni ni jani kavu la mgomba. Utaletewa linalonuka maiti, ukute panya amezaa na kufa kwenye njia ya hewa. Mwenye gari akisema kuna mtu ndani, msimcheke. Amesikia kitu kweli. Kazi yenu ni kukitafuta. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na Mzee Manyama alipofariki nikawa ndiye ninayeletewa magari yenye watu ndani, wenzangu wakiniita mganga wa matundu. Sikuwahi kuogopa hata moja, mpaka lilipokuja gari la Mwalimu Musira.

Lililetwa na mdogo wake, Magesa, wakati wa mchana. Aliendesha vioo vyote vikiwa chini, kichwa kimetoka nje kama anayeendesha treni. Lilikuwa gari la familia lenye viti vya safu tatu na AC mbili, ya mbele na ya nyuma. Alilizima, akashuka, akasimama mbali nalo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lina nini?"

"Lina kaka yangu."

Nikamwambia akae kwenye benchi. Alieleza kwamba Musira alikuwa anafundisha upande wa Sengerema na nyumba yake iko Buhongwa, kwa hiyo maisha yake yalikuwa ya kuvuka na kivuko. Miezi michache nyuma alikutwa amekufa kwenye foleni ya magari pale Kamanga, akisubiri kuvuka kurudi mjini. Kiti kimelazwa, vioo vimefungwa, injini inanguruma, AC inapuliza. Waliomkuta walidhani amelala, na uso wake, alisema Magesa, ulikuwa na rangi nzuri kuliko siku zote. Hospitali walisema ni moyo.

"Sasa mkewe, shemeji Tabitha, kila jioni anaingia humo. Anaegesha nyuma ya nyumba, anawasha AC, anafunga vioo, anaongea naye. Majirani wanamwona anavyocheka. Mimi sikuamini, bhana. Nikalichukua siku moja niende nalo mjini. Mvua ikanikamata, nikafunga vioo. Mama, nilisikia anagonga. Halafu akaniita, kwa lile jina alilokuwa ananiita tukiwa wadogo. Niliacha gari katikati ya barabara."

"Na mnataka nifanye nini?"

"Ukoo una kikao Jumamosi kule nyumbani, ng'ambo ya ziwa. Wazee wanasema shemeji ndiye aliyemmaliza, halafu akamfungia humo ili asimseme. Atoke kwenye nyumba, aache na watoto. Lakini kabla ya kikao wanataka hilo lililomo humo litolewe. Kama halitoki, gari lichomwe moto."

"Mimi ni fundi AC, baba. Si mganga."

"Najua," alisema, akiutazama mtaro. "Lakini anaongea kupitia matundu ya AC."

Magesa alikuwa hajafika hata barabarani Tabitha alipoingia. Alikuwa amepanda bodaboda kutoka Buhongwa kulifuata gari. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mshonaji, tepu ya kupimia bado iko shingoni, kilemba cha kitenge chenye ndege wa bluu. Aliniamkia kwa magoti kabisa. Nilimwangalia nikaona mtu mgonjwa. Macho yamezama, mikono inatetemeka, na alizungumza polepole kama aliyeamshwa usingizini.

"Mama, nakuomba usiguse kitu. Akitoka humo hana pa kwenda."

"Unamwona?"

"Mwanzoni nilikuwa namsikia tu. Anagonga pale mbele, alivyokuwa akigonga kwa kidole akikaa kwenye foleni. Halafu anapumua huko nyuma. Nikikaa muda mrefu zaidi ndiyo anakuja." Aligusa bega lake. "Jana aliniwekea mkono hapa. Kila siku anasogea karibu zaidi. Kesho keshokutwa nadhani nitamwona uso."

Alisema hivyo kwa furaha, na furaha ile ilinitisha kuliko maneno yenyewe. Nilimwambia gari litabaki kwangu, na funguo nikazitia mfukoni mbele yake. Alisimama getini muda mrefu akilitazama, kisha akaenda.

Nililianza kama nilivyofundishwa. Nililisogeza hadi ukutani, nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikafunga vioo, nikawasha injini na AC, nikafanya alivyokuwa anafanya yeye. Jua lilikuwa kali, spana zinalia huku na huku, mtu amefungulia redio, na mimi ndani ya baridi nikaona aibu kuwa mwoga. Kisha kikaanza. Tk, tk, tk, nyuma ya dashibodi upande wa abiria. Kimya. Tk, tk, tk. Nikajua ni mota ya mlango wa kwanza: unajaribu kufunguka, unakwama, unajaribu tena. Feni ya nyuma nayo ilikuwa inashika na kuachia, hooo, ikipoa, hooo. Kwa hiyo kugonga nimekupata na kupumua nimekupata. Nikajisemea kazi hii itaisha kabla ya chai. Nikaegemea nyuma nisikilize kidogo zaidi.

Sijui ni muda gani ulipita. Nakumbuka kichwa kilianza kubana, kisha kikaacha, na kilipoacha nikajisikia vizuri mno. Mikono ikawa mizito kama ya mtu aliyeshiba. Halafu kutoka kiti cha nyuma mama yangu akaniita, "Koku." Ni jina ambalo hakuna mtu Mwanza anayelijua. Mama amelala kwenye migomba yetu Kagera tangu zamani. "Koku, mbona umekaa nje? Ingia ndani." Hakukuwa na cha kutisha katika sauti ile. Ilikuwa na ule ukali wake mdogo wa jioni, chakula kikiwa tayari. Nilitaka kumjibu. Nilitaka kuingia. Mlikwisha kunisikia nikisema siamini mambo ya mizimu, na siamini, lakini ningeingia.

Kilichonitoa ni Shija, fundi mwenzetu, kugonga kioo akitafuta bisibisi yake. Aliponiona akafungua mlango, akaniburuta hadi chini. Nilitapika kwenye mchanga mbele ya mteja.

"Mama Adve, nilidhani umelala," Shija alisema baadaye, sauti haina utani kabisa. "Ulikuwa unacheka peke yako."

Nilipoweza kusimama nilijua adui ni yupi. Mmewasikia watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, asubuhi wakakutwa kama wamesinzia. Moshi wa injini una hewa ile ile ya sumu, haina rangi wala harufu, na kabla haijaua inaweza kukuchezea akili, ikuletee sauti za watu wako. Swali likawa moja: inaingilia wapi? Nilizima injini, nikaacha feni tu inafanya kazi, nikawasha kipande cha dawa ya mbu, nikampigia simu Magesa aje aone kwa macho yake.

Alikuja akasimama kando ya mlango wa mbele. Mimi nikapiga magoti nyuma. Kila gari, chini ya bampa la nyuma, lina matundu ya kutolea hewa iliyotumika, na kwenye matundu hayo kuna vilimi vya raba vinavyofunguka kwa kwenda nje tu. Kwenye gari hili vilimi vilikuwa vimeoza vikaanguka, na ekzosi, bomba la moshi lililo hatua moja tu kutoka hapo, ilikuwa imeliwa na kutu. Nikasogeza moshi. Ulisita kidogo, ukajikunja, ukaingia tunduni, taratibu, kama nyoka anayerudi shimoni kwake. Tukasubiri. Kisha nikamsikia Magesa anasema, "Mungu wangu," kwa sauti ndogo. Moshi ulikuwa unatoka mbele, kwenye matundu ya dashibodi, kama kuna mtu amekaa huko nyuma yake anavuta sigara.

Mahali pa kutokea pamekuwa pa kuingilia. Sasa ilibaki kujua kwa nini, maana gari likivuta hewa kutoka nje kwa mbele, hewa chafu husukumwa itoke nyuma, hata vilimi vikiwa vimeoza. Hili lilikuwa halivuti kwa mbele hata kidogo, na feni ya AC ya nyuma ilikuwa inavuta yake kutoka pale bampani. Magesa alipokwenda kunywa maji nilifungua ule uwazi wa chini ya kioo, na kabla ya kugusa kitu nikaelewa.

Wa Mwanza hamhitaji kuelezwa habari za wadudu wa ziwani, lakini huenda karatasi hizi zikasomwa Dodoma. Kuna siku wanainuka juu ya maji kama moshi wa kijiji kinachoungua, na upepo ukiwaleta nchi kavu wanaingia puani, masikioni, kwenye ugali. Hawaumi. Wanakera tu. Kwenye gari wanavutwa na feni, wanafia kwenye evapolata, na AC inanuka samaki mwezi mzima. Ndiyo maana madereva wa kwetu, hasa wanaokaa kwenye foleni za kivuko, wana tabia ya kuziba ule uwazi. Wengine hutumia gazeti, wengine tambara. Mwalimu Musira alikuwa mtu nadhifu. Aliuziba kwa kipande cha godoro kilichokatwa kwa kipimo, na kipande hicho kilivikwa foronya yake ya kitenge, kimeshonwa kwa mshono wa kurudia pande zote nne. Kona moja ilikuwa imenyonywa na feni hadi kwenye mlango wa kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa ikiukwamisha, na mlango ukawa unagonga.

Ndege wa bluu.

Nilikaa na kitu kile mapajani. Nilikuwa nimeshika ukweli ambao ungemwondolea Tabitha jina la mchawi, na ukweli huo huo ungemwambia kwamba mkono wake ulikuwepo. Nikachukua kisu, nikakata nyuzi, nikavua foronya, nikaikunja ndani ya mfuko wa ovaroli. Magesa aliporudi nilimwonyesha sponji tupu.

Aliishika kwa vidole viwili. "Hii tu?"

"Hii, na raba, na kutu."

"Na ile sauti?"

"Mimi nimemsikia mama yangu, na yeye hajawahi kupanda gari hili."

Alikaa kwenye benchi akafunika uso. "Tulimwita muuaji," alisema. "Mbele ya watoto wake." Kisha akaniomba nije kikaoni niwaeleze wazee, kwa sababu yeye, alisema, hawatamsikiliza.

Nilitengeneza gari kama linavyotakiwa: vilimi vipya, ekzosi ya nyuma mpya, raba, wavu wa chuma kwenye uwazi wa mbele, mlango wa kwanza ukifunguka kimya. Tabitha alipokuja kulichukua, siku kadhaa bila gari zilikuwa zimemrudishia rangi kidogo, ingawa yeye hakulijua hilo. Aliniomba dakika chache. Aliingia, akafunga vioo, akawasha AC. Nilimwacha, maana sasa hapakuwa na hatari. Nilimwona kupitia kioo amekaa wima, mikono magotini, akisubiri kama mtu kwenye foleni ya hospitali. Midomo yake ikasogea. Akasubiri jibu. Akasogeza tena midomo.

Alipotoka hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Hayumo," alisema. "Umempeleka wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza moshi, vilimi, kutu, hewa isiyo na harufu, mama yangu kwenye kiti cha nyuma. Kuhusu uwazi wa mbele nikasema ulikuwa umezibwa na sponji. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ilikuwa na nguo," alisema. "Nguo iko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nikaitoa mfukoni. Aliinyoosha juu ya paja, akapitisha kidole kwenye mshono kama anayekagua kazi ya mwanafunzi wake.

"Aliniomba nimshonee. Alisema wadudu wanamchafulia shati, anafika darasani watoto wanamcheka. Nikashona mara mbili ili asipite hata mmoja." Alinitazama. "Kwa hiyo ni mimi."

"Ni kutu, mwanangu. Ni raba. Kimoja kingekosekana, angekuwa hai."

"Lakini na mimi nimo."

Nimewaambia watu wengi uongo kuhusu AC zao ili waende nyumbani wakiwa na amani. Huyu nilishindwa.

"Na wewe umo," nilisema.

Aliikunja foronya vizuri. "Shemeji ameiona?"

"Hajaiona. Hakuna atakayeiona."

"Nitakwenda nayo Jumamosi," alisema. "Wakinifukuza, wanifukuze kwa nilichofanya."

Tulivuka pamoja Jumamosi asubuhi, yeye akiendesha. Kikao kilikuwa uani kwa mama mkwe wake, wazee kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Niliongea juu ya milango na matundu, na wazee wakatikisa vichwa jinsi watu wanavyofanya wakimsikiliza mtu wa serikali. Mmoja akauliza kama hewa hiyo inaweza kutumwa na mtu. Nikasema haitumwi, inapita tu. Niliona kabisa kwamba hajaridhika. Ndipo Tabitha akainuka, akaweka foronya mbele ya mama mkwe wake, akapiga magoti.

"Mama, hii nilishona mimi. Ndiyo iliyoziba hewa. Dawa sikumpa. Nilimpa hii."

Magesa alikuwa anatazama miguu yake. Bibi yule aliichukua nguo akaisogeza karibu na macho, maana haoni vizuri, akaipapasa kona zote.

"Alikuomba yeye?"

"Aliniomba, mama."

"Ukamshonea."

"Nikamshonea."

Bibi aliiweka kifuani pake, ndani ya kanga. "Basi nyumba ni yako," alisema. "Na mtu yeyote asimwite mwanangu huyu mchawi kwa kumshonea mumewe." Alisema kwa sauti ya chini, ila pale yeye ndiye mkubwa, na kikao kikaishia hapo. Wako hadi leo wanaosema gari lilikuwa na mtu na kwamba yule Mhaya alimtoa kwa moshi. Hao niliacha kubishana nao.

Wakati wa kurudi tulikuta foleni Kamanga. Kivuko kilikuwa bado kiko ng'ambo. Tabitha alizima injini mahali ambapo, bila yeye kusema, nilijua ndipo alipokutwa mumewe. Tulikaa. Ziwa lilikuwa limetulia, na juu ya maji nikaliona lile wingu la kijivu likiinuka, likiinama, likija kwetu polepole. Mbele yetu na nyuma yetu vioo vya magari vilianza kupanda, kimoja baada ya kingine. Nikanyoosha mkono kwenye swichi ya kioo changu. Tabitha akaushika mkono wangu akauondoa, kisha akateremsha vioo vyote hadi mwisho.

Waliingia kama vumbi. Walijaa kwenye kioo, kwenye viti, kwenye kope zangu, ndani ya blauzi, nikawa nawatema na kufunika pua kwa kanga. Mwenzangu hakujifunika. Alikaa wametapakaa usoni na kwenye kilemba, wakitembea juu ya midomo yake, na machozi yakiwasomba mashavuni. Nilikuwa sijamwona akilia, hata siku moja. Aliweka kiganja wazi mbele ya macho na kuacha watue, akawatazama muda mrefu, karibu sana, kama anatafuta kitu ambacho lazima kiwepo.

"Mama," alisema, "ni wadogo hivi."